Betri Zilizoanikwa na Michembe

"Naikumbuka siku ile kwa jua lake, mke mwenzangu," Bibi ameniambia leo, akinifunua kanga niliyojifunika gubigubi. Kesho ni zamu yangu kusoma somo kanisani, na nilikuwa nimemdanganya kwamba naumwa koo. Bibi ananijua. Badala ya dawa amenipa kisa hiki, nami nakiandika alivyokisema.

"Kule kijijini Choma, mwanangu, redio ilikuwa moja tu, ya baba mkubwa. Ilikamata masafa ya kati, na kabla ya kusema ilikoroma kama mzee aliyeshiba ugali. Utabiri wa hali ya hewa ukiisha, betri zilitolewa zikaanikwa juani zipate nguvu, kwenye mwamba uleule tulioanikia michembe yetu, vipande vya viazi vitamu. Viazi huku, betri huku.

"Kazi ya kusikiliza na kutangaza nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwa na masikio mepesi. Basi mchana huo mtangazaji akasema, katikati ya mikwaruzo: mvua kubwa, Tabora na maeneo jirani. Nikapanda kichuguu nikapiga kelele, 'Mvua! Anueni!' Michembe ndiyo tuliyoitegemea miezi ya njaa, na ikilowa inaoza. Watu wakakimbia, wakazoa kila kitu wakatia vikapuni.

"Halikudondoka hata tone. Wanawake wakanitania: 'Bi Mvua, mbona hujalowa?' Tena betri zilikuwa zimezolewa pamoja na michembe! Baba mkubwa akapekua kikapu baada ya kikapu akinung'unika, 'Sasa habari nitasikilizia kwenye kiazi?'

"Kesho yake nikajifungia ndani, redio siitaki. Shangazi akaja, akaketi kizingitini. Akasema, 'We mtoto, nani alikutuma ulete mvua? Ulitumwa useme ulichosikia. Wakicheka, hewala, maana yake wamesikia.'

"Nikatoka. Redio ikasema mvua tena. Nikapanda kichuguu, nikatangaza. Walicheka, wakaniita Bi Mvua, lakini kila mmoja alikuja na kikapu chake. Siku hiyo ilinyesha. Siku nyingine haikunyesha. Mimi sikuacha kutangaza."

Nikamuuliza, "Na nikikosea jina la nabii, Bibi?"

"Nabii alikufa zamani, hatakusikia. Sisi wa mabenchi ya nyuma ndio tunaotaka kusikia."

Kisha akanishika mkono.

"Mwenda bure si mkaa bure, mwanangu. Aibu ni kama baridi ya asubuhi, inakutoka ukiwa unatembea. Usingoje sauti iache kutetemeka ndipo useme. Sema nayo hivyohivyo. Na anayekucheka usimnunie, huenda kikapu anacho mkononi. Mungu akufungue kinywa, akupe wasikilizaji wenye huruma, na neno lako lisiangukie njiani."

Nikasema amina.

Bibi akaweka kiganja nyuma ya sikio, akangoja.

Nikasema tena, kwa sauti.