Kuku Waliofelishwa

Mwalimu mkuu alistaafu, ila ualimu ndio uliokataa kustaafu. Alipokosa watoto wa kuwafokea, akahamia kwa kuku wa mkewe, themanini wa mayai, ambao mama wa watu aliwalea tangu wakiwa vifaranga vya siku moja, chumbani chini ya taa, kama wanawe.

Asubuhi tatu mfululizo alikaa bandani na daftari, akiandika nani kataga na nani bado. Kisha akawatenga kwa wavu. Waliotaga wakawa wateule: hao soya, mashudu na dagaa wa kusagwa. Wasiotaga, wavivu: hao pumba tupu, mpaka waone aibu.

"Kuku hana aibu, Baba Watoto," mkewe alimwambia. "Ana tumbo. Yai linatokana na anachokula."

Akajibiwa kuwa yeye hakusomea malezi.

Wateule wakaendelea kutaga. Wavivu, hata mayai machache waliyokuwa wakidondosha yakakatika, manyoya yakawanyonyoka. Mwalimu akasugua mikono: si alisema? Ni kumfunga mtu miguu kisha kumcheka hajui mbio, ila nani amwambie? Akawapa wiki tatu za mwisho. Zikiisha, mchinja kuku aje na matenga.

Kila Mwalimu alipokwenda kwa kinyozi kuisahihisha serikali, mkewe alichota soya na dagaa stoo, akavichanganya kwenye pumba za wavivu, akakoroga kwa mkono hadi visionekane. Walivyokuwa wakidonoa, alijisikia kama ananyonyesha.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, mayai matatu, madogo kama ya njiwa. Ya tatu ikaisha kwa ishirini na sita kwa siku moja.

Mchinja kuku alipofika, Mwalimu alimpokea kifua mbele, akamwonyesha ndoo ya mayai. Adhabu imefanya kazi, alisema. Tangu leo banda zima litakula pumba.

Hapo mama akaona akinyamaza atakuwa amewaangamiza wote.

"Hao wamekula soya," alisema. "Nimewapa mimi, wiki tatu."

Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya majibu kwenye soksi.

"Kumbe umewasaidia kuiba mtihani. Basi matokeo nimeyafuta. Bwana, wachukue."

Mchinja kuku akamwinua mmoja, akampapasa chini ya mkia, akamrudisha taratibu.

"Huyu ana yai la kesho, Mwalimu. Mimi nachinja kuku waliokoma kutaga. Hawa ukiwachinja, wewe ndiye utakayekosa."

Akabeba matenga yake matupu, akaenda zake.

Mama akaburuta gunia la soya kutoka stoo, akalichanganya na pumba zote mbele ya macho ya mumewe, akaukunja ule wavu. Kuku themanini wakarukia chakula kimoja, vumbi likatimka, mteule akimkanyaga mvivu na mvivu akimkanyaga mteule.

"Basi angalau wapange foleni," alisema Mwalimu.

Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanakula.