Rosilda Poulin na Kitabu cha Koo

Shangazi yangu Rosilda Poulin alifundisha shule ya kijiji chetu huko Quebec, Kanada, miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyohiyo akalea watoto wake tisa. Parokia ilipotimiza miaka mia mbili, Onésime, mwenyekiti wa sherehe, alichapisha kitabu cha koo zetu zote. Shangazi alikifungua ukumbini mbele ya watu. Chini ya picha yake mwenyewe pameandikwa: Bi. Fernand Veilleux. Fernand alikuwa mumewe.

"Wewe Onésime! Fernand ndiye aliyekufundisha kusoma?"

"Usinikasirikie, Mwalimu. Ndiyo desturi yetu, mke huitwa kwa jina la mume."

"Desturi yetu? Subiri hapohapo!"

Akatoka mbio hadi ofisi ya padri, akarudi amekumbatia daftari la zamani la maziko. Alilibwaga mezani, vikombe vikaruka.

"Soma, kwa sauti!"

Onésime akasoma. Mwaka 1791, amezikwa Josephte Poulin, mke wa Jean Veilleux. Mwaka 1804, amezikwa Thècle Rancourt, mke wa Pierre Maheux. Ukurasa baada ya ukurasa, kila mke na jina la ukoo wa baba yake.

"Umeona?" Shangazi aligonga ukurasa kwa kidole. "Hawa hawakujua kushika kalamu, lakini padri aliwazika na majina yao. Mimi niliyekushika mkono ukaandika jina lako, unanizika bila langu, tena ningali hai!"