Taulo la Wajukuu wa Dobi

Zamani watoto wa nyumba moja walioga maji mamoja na kujifutia taulo moja, na huo ndio ulioitwa undugu. Siku hizi kila mtoto ana kikombe chake na taulo lake, na kesho kutwa atadai babu yake peke yake.

Dobi mzee alikuwa mtu wa zamani hizo. Alifua nguo za mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kurudishiwa shati la jirani, maana kila nyumba aliishonea uzi wa rangi yake ndani ya ukosi. Nguo za nyumba mbili hazikulala beseni moja. Lakini wajukuu wake watatu, aliowalea tangu binti yake arudi kazini, hawakuwa wateja. Hao aliwaogesha pamoja na kuwafuta kwa taulo moja jeupe, lililotoka kwenye pasi na joto la mkate.

Kidonda kilianzia chini ya pua ya Kibonge, kitinda mimba: kilengelenge cha maji, kisha kigaga cha rangi ya asali. Dobi akasema ni mafua tu. Wiki haijaisha, dada mtu anacho kidevuni na kaka mtu shavuni. Wakapata dawa, wakapona. Kisha vikaanza upya.

"Baba, vikirudi tena nitawapeleka kwa mama mkwe," binti yake akamwambia. "Kazini wamechoka na ruhusa zangu."

"Wapeleke," alijibu, kwa kiburi cha mtu anayeomba asisikilizwe.

Asubuhi akawapeleka mwenyewe zahanati. Muuguzi akawatazama, akamgeukia.

"Babu, nyumbani watoto wana mataulo mangapi?"

"Moja. Na ni safi kuliko hilo koti lako. Mimi ni dobi."

Muuguzi akacheka. "Ni safi mpaka limguse wa kwanza. Vijidudu vya kidonda vinabaki humo, wa pili anavipokea, wa tatu naye, halafu vinamrudia mwenyewe. Mikono yako nayo inavibeba. Kila mtoto na taulo lake, babu, na sabuni kabla na baada ya kumgusa."

Alirudi nyumbani. Akatafuta mataulo matatu, akayashonea nyuzi: nyekundu, buluu, na njano kwa Kibonge. Sindano ilimwia nzito kuliko pasi.

"Babu, kumbe na sisi ni wateja?" dada mtu akauliza.

"Wateja wakorofi. Wenzenu wanaleta nguo, nyie mnaleta pua."

Vidonda vikakauka, binti akaanza kutabasamu. Lakini mkono una mazoea yake. Kibonge alikuwa amebakiza kijidonda ndani ya tundu la pua. Babu akampangusa kamasi kwa leso ya mfukoni. Punde dada mtu akaanguka, akalia, na leso ile ile ikamfuta machozi. Hakuna aliyeona, hata yeye mwenyewe. Aliona baadaye, kigaga kilipochomoza chini ya jicho la mtoto, ndipo mkono wake ukaingia mfukoni na kuigusa leso.

Akamweleza binti yake yote.

"Sikulaumu, Baba," akasema, huku akifungasha begi la watoto.

"Heri ungenilaumu."

Mara ya mwisho kuwaona, gari lilikuwa mlangoni, limewashwa. Wakubwa walimpungia mkono kupitia kioo. Kibonge alikuwa bado hajapanda, kamasi limefika mdomoni, naye akamwinulia babu uso kama alivyozoea, macho ameyafumba. Mkono wa mzee ulianza kwenda mfukoni, ukasita. Akaenda bombani, akanawa kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye vifundo vya mikono. Dereva akapiga honi. Akalifuata taulo lenye uzi wa njano kwenye begi, akapiga magoti.

Kibonge alikuwa bado amesimama palepale, uso juu, anamsubiri.