Picha ya Pili

Dereva wa bodaboda wa Kimuli hazimi pikipiki akikutana na mnyama. Anaiacha ingurume taratibu, anafuta simu kwa upindo wa koti, na hapigi zaidi ya picha mbili. Asubuhi hii nyati dume amesimama katikati ya njia ya porini, anawatazama. Avelina, abiria, amemng'ang'ania dereva kiunoni na hathubutu kupumua. Dereva anampiga nyati picha moja, kisha anaigeuza simu nyuma na kumpiga yeye picha ya uso.

“Mimi wa nini, kaka?”

“Naituma kijiweni, kwa madereva wenzangu,” anajibu kwa sauti ya chini, macho yake hayabanduki kwa nyati. “Abiria wangu wa mwaka jana, dada, aliuawa na nyati njia hii hii; tulimzika bila kujua kwao ni wapi.”