Kumpokea Karisa Zamu

Habari ilinifikia Machakos kwa mdomo wa utingo wa basi la Mombasa, ambaye naye aliipata kwa dereva wa lori la mananasi. "Mzee Mutua, rafiki yako Karisa wa Kakuyuni amefariki. Mkewe anasema uende upesi, maana bado anagonga." Nilimuuliza anagonga nini. Akajibu kwamba yeye kaambiwa hivyo hivyo na hataki kutia chumvi.

Karisa na mimi tulikuwa wanamaji ujanani, na tusidanganyane, hatukuwa wale wa kusimama juu na nguo nyeupe wakipigwa picha. Sisi tulikuwa wa chini, chumba cha injini, ambako hata habari za jua tulikuwa tunasimuliwa. Kwa zile kelele huwezi kusema na mtu. Zamu yako ikiisha, unachukua spana unagonga bomba linalopanda juu: mawili ya haraka, kimya, kisha moja. Maana yake, nipokee. Na huondoki hata ukiyeyuka kwa joto, mpaka mwenzako ateremke, aweke kiganja juu ya injini na kutamka, "Nimepokea." Hapo unagonga moja la kuaga na kupanda ngazi. Niliwahi kumwona Karisa ana homa inayogonganisha meno, na bado alingoja neno lile.

Kwa hiyo niliposikia anagonga, nilikumbuka spana yake. Mimi ni mtu wa kanisa na mtu wa injini, na kote kuwili mizimu haina kiti. Hata hivyo nilifunga mkoba wangu usiku ule ule.

Asubuhi tulifika kivukoni Kilifi. Abiria tuliteremka kwenye basi tukaingia ferini kwa miguu. Maji ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, yalikuwa yametulia kupita kiasi, na feri ilikwenda kama inayovutwa na mtu. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha korosho aliniuliza ninakokwenda, kwa ule ukarimu wa watu wa huko wa kukuuliza kila kitu.

"Kakuyuni, mama. Kwa marehemu Karisa."

Alikihamisha kikapu akakiweka upande wake wa pili. "Yule wa bomba?"

"Huyo huyo."

"Basi mwanangu, ukifika usinywe maji yao." Mimi na mvi zangu zote niliitwa mwanangu, na sikucheka.

Tulipita Tezo na mashamba yake, na mimi nikijaribu kusinzia bila mafanikio.

Malindi niliteremka kabla ya adhuhuri. Kabla ya kuendelea nilikwenda kwenye kiwanda kidogo cha barafu ambacho Karisa alikifanyia kazi miaka mingi, alipotoka majini na kuwa fundi sanifu wa mitambo. Msimamizi wake wa zamani, Mzee Omari, alinipokea kwa mikono miwili na kikombe cha kahawa chungu.

"Shikamoo, Mzee Omari."

"Marahaba, bwana. Inna lillahi. Mwenzio katangulia." Akanionyesha kijiti cha mbao kilichoning'inia ukutani. Karisa alikuwa akiweka ncha moja kwenye mtambo na nyingine sikioni, kisha kufumba macho. "Akisikiza hivi, akwambia, beringi hii haioni Ramadhani. Na haioni! Watu wakimwita mchawi, naye acheka tu." Omari akashusha sauti. "N'kwambie kitu? Siku alokufa, mtambo wetu huu ulizima wenyewe. Hakuna aliyeugusa. Tukauwasha, ukaenda, na hauna kasoro hata leo. Sijamwambia mtu."

Nilimwambia huenda ulikuwa umeme. Alinitazama kwa huruma, akaniongezea kahawa.

Alasiri nilipanda pikapu mpaka Kakuyuni. Jambo la kwanza nililoliona lilinikaa vibaya rohoni. Kulikuwa na bilula njiani, imetengenezwa kwa mkono mzuri, chini pamejengewa saruji safi. Wanawake waliipita na madebe yao kichwani, wakiikwepa kwa mbali, wakielekea mto Sabaki, ambamo kila mtu anajua mna mamba. Hakuna aliyeitazama.

Mjane wa Karisa, Sidi, nilimkuta mlangoni peke yake. Nyumba ya msiba isiyo na watu ni kitu cha kuogofya.

"Karibu shemeji. Kaa kitako upoe kwanza," alisema, akanisimulia.

Karisa alistaafu akarudi kwao, akanunua injini kuukuu ya dizeli, akaitengeneza, akaiweka bondeni ili ipandishe maji ya mto hadi tangi la kijiji. Aliitunza mwenyewe, bila msaidizi. Siku moja walimkuta amelala kando yake, amekwisha kufa, na injini bado inanguruma. Hapakuwa na mtu aliyejua kuizima. Wakamwosha inanguruma, wakamzika inanguruma, mpaka dizeli ilipoisha ikanyamaza. Tangu siku iliyofuata, kila jua likisimama utosini, bomba linagonga.

"Linagongaje?" niliuliza, ingawa nilitamani asinijibu.

Akagonga ubao wa mlango kwa kidole. Mawili ya haraka, kimya, kisha moja.

Wakati ule aliingia Ngala, mdogo wake Karisa, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinisalimu kwa heshima, kisha akasema bila kuzunguka. "Tumemwaga tembo la mnazi kaburini, tumechinja mbuzi. Koma, mzimu wa mtu, ikipewa chake hulala. Hii hailali. Basi kuna mtu anayeizuia." Hakumtazama Sidi, na hakukuwa na haja. "Mamba keshamng'ata mtoto wa watu mtoni. Matanga yakiisha, huyu arudi kwao Kaloleni, nasi tupumue."

"Kwetu nani ananijua tena?" Sidi alisema taratibu. "Wazee wangu wamekwisha. Wanangu wote wawili wamelala nyuma ya nyumba hii. Nikaondoke niwaachie nani?"

Ngala alitoka nje. Nilimchukia kwa muda, lakini nilipomsikia akipenga kamasi nyuma ya ukuta nilielewa kwamba naye anamlilia nduguye, na ana hofu.

Kesho yake, jua lilipokuwa linapanda, nilishuka bondeni kufanya kazi ninayoijua. Bomba linaweza kugonga maji yanaporudi nyuma kwa nguvu. Nikafungua valvu: kavu. Tangi: tupu. Injini: baridi, imefunikwa gunia. Nikajiambia, hili ni jua tu, chuma kikipata moto kinatanuka na kutoa mlio, na wewe Mutua ni mzee mjinga uliyepoteza nauli. Nilifurahi sana kwa maelezo yale. Sidi alikuwa amesimama nyuma yangu, na Ngala na wanakijiji wengi walikuwa juu kwenye mteremko, hawataki kushuka.

Kivuli changu kilipoingia chini ya miguu yangu, ndege walinyamaza. Bomba likagonga.

Lilikuwa spana juu ya chuma. Nimesikia mlio ule maelfu ya mara na siwezi kuukosea. Mawili, kimya, moja. Ulitokea ndani ya bomba, lakini nilihisi kama unatokea chini ya nyayo zangu. Chuma kikitanuka juani hakigongi kwa mpango. Niliogopa, nakiri.

Nikapaza sauti ili walio juu wasikie, nikawaeleza kanuni yetu ya zamu. "Huyu hakuzuiwa na mtu! Mlimzika mzee wa kijiji, mkampa haki za mzee. Lakini alikufa akiwa kazini, na hakuna aliyempokea!" Nikaweka kiganja juu ya injini. "Nimepokea, Karisa."

Tulingoja lile moja la kuaga. Halikuja. Yakaja mawili tena, na moja, kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyekasirika. Juu mteremkoni mtu alipiga yowe.

"Shemeji," Sidi alisema, "wewe mkoba wako uko tayari. Kesho unakwenda zako. Karisa si mjinga." Akasogea, akaniondoa mkono wangu bila kuniomba ruhusa, akauweka wake. "Mimi siendi popote," alisema, na sijui alikuwa anamwambia nani kati ya wale ndugu wawili, marehemu au Ngala kule juu. "Nimepokea, baba. Nenda ukapumzike."

Likagonga moja.

Ndege wakaanza tena. Nililia bila aibu, mzee mzima, mbele ya kijiji cha watu.

Sidi hakulia. Aliuliza, "Haya, hii inawashwa vipi?" Alikuwa na dizeli kidogo nyumbani, tukaileta. Nikamwonyesha hendeli inavyoshikwa bila kukuvunja mkono, na jinsi ya kuizima. Mara ya nne injini ilikubali. Tulipopanda hadi bilulani, maji mekundu ya kutu yalitoka kwanza, kisha meupe, na hakuna aliyesogea. Ngala aliinama akanywa kwa viganja, wa kwanza, akafuta mdomo. Akamwambia shemejiye, "Nitakuletea dizeli kutoka Malindi." Hakusema tena habari za Kaloleni.

Nilibaki siku moja zaidi, nikaketi kando ya bomba mchana kutwa. Hapakuwa na kitu.

Siku ya kuondoka, Sidi hakunisindikiza. "Niwie radhi, shemeji. Injini inakwenda na sina wa kunipokea," alisema, mkono ukiwa juu ya chuma. Alinisindikiza Ngala mpaka barabara kuu. Gari lilipoonekana kwa mbali, alinishika mkono.

"Siku yake yeye ikifika," alisema, "nani atamjibu? Nifundishe vizuri."

Nikamfundisha, kiganja na neno lake, naye akigonga juu ya debe tupu la dizeli alilokuwa amelishika, mawili na moja, tena na tena, mpaka gari likasimama.

Nimerudi Machakos salama. Nilichojifunza nakisema wazi, ninyi wa nyumbani mkicheka mcheke. Nilidhani mtu akifa kazi yake inakufa naye, na anayebaki ni wa kulia tu. Sasa najua kuna wanaongoja kuambiwa neno moja, na kama halisemwi, wanaendelea kusimama. Kati ya wote tuliokuwa chumba kile cha chini, nimebaki mimi peke yangu. Kwa hiyo nimemwagiza mke wangu, naye hakulipenda agizo hilo: siku nikizikwa na mkasikia chochote kinagonga, msimwage pombe, msimwite mchungaji. Tumeni mtu Kakuyuni akamwite Ngala.