Mwani wa Bibi na Simenti ya Baba

Harufu ya mwani uliooza naijua hata nikiwa usingizini. Juzi nilikwenda Jambiani harusini, upepo wa pwani ukaniletea puani, nikakunja uso na kusema kwa sauti, "Jamani, Bibi!" Watu wakanigeukia. Bibi mwenyewe hayupo tena, Mungu amrehemu, lakini kero yake ingalipo.

Alikuwa mama yake mama. Magoti yalipomchosha kuinama baharini kwenye mwani wake, aliletwa kwetu mjini, Mpendae, kwenye nyumba ya baba yangu, ambamo hata kigoda hakikuwa chake. Akaomba kipande cha uwani apande mchicha. Uwani gani huo! Kulikuwa na kifusi na chokaa tu iliyobaki nyumba ilipojengwa. Bibi akaagiza kwao mwani uliotupwa na maji ufukweni, ukaja kwa magunia, akaufukia papo hapo na chumvi yake. Mchicha ukachomoza, ukajikunja, ukafa. Nikafurahi, nikidhani yamekwisha.

Yamekwisha wapi! Magunia mengine yakaja. Safari hii aliuanika mwani mvuani mwanzo wa masika ili chumvi itoke, kisha akauchanganya na samadi ya mbuzi na majani makavu. Kazi ya kulipindua lundo ikawa yangu, kila nikitoka skuli. Likifukuta kama chungu, na uvundo wake sina maneno ya kuueleza. Tena samadi ni najisi, kwa hivyo kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani lazima nikoge na kubadilisha kila kitu, na bado wenzangu wakisogea mbali nami kwenye mkeka.

Baba alikereka kunishinda. Lakini Bibi alikuwa mkwewe, na mkwe haambiwi hivi hivi. Basi alisimama mlangoni, Bibi yupo pale pale anachimba, akaniambia mimi:

"Mwambie bibi yako, majirani washachoka. Ramadhani ikisha natia sakafu hapa."

Bibi hakuinua kichwa. "Mwambie baba yako, nshasikia."

Na mimi katikati, nimwambie nani nini, na sote tuna masikio! Kesho yake mifuko ya simenti ikashushwa ukutani, ikafunikwa turubali jipya.

Bibi akapanda vivyo hivyo. Udongo ule mkavu ulikuwa umegeuka mweusi, ukiushika unashikana, ukiufukua unakutana na nyungunyungu. Mchicha ukatoa majani mapana, na bua likivunjika kwa kucha. Kila asubuhi Bibi alimwagilia huku akiitazama mifuko. "Baba yako keshampata fundi?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kipande kile ndicho kitu pekee alichokiita chake tangu aje mjini, na hilo hata mimi mtoto nililiona.

Siku moja wakati wa futari, Baba alikula mchicha wa nazi, akaongeza, akamuuliza Mama, "Huu wa wapi? Wa sokoni siku hizi maji matupu." Mama akaashiria uwani kwa kidevu. Baba akafuta sahani kwa mkate.

Idi ikapita. Fundi alikuja, akanyweshwa chai, akaondoka na fungu la mchicha. Mimi nikawa nangoja kutumwa, sikutumwa. Mawingu ya vuli yalipokusanyika, nikalikuta turubali limefunika lundo la Bibi, na mifuko imebaki wazi. Nilidhani Bibi kalichukua. Mama akadhani ni mimi. Mvua ikanyesha, simenti ikaganda ikawa mawe. Baba, aliyekuwa akigomba taa ikiachwa inawaka, akaipita kila siku kimya. Bibi akaifanya kiti cha kuchambulia mchicha.

Kwa miaka mingi Baba alinikera kwa hilo. Si angesema tu, "Mwambie bibi yako apande"? Kaniacha mimi na roho juu, nikisikiliza kila gari linalosimama nje.

Sasa nimeolewa, naishi na mkwe wangu, nami yapo nisiyoweza kumwambia. Ndipo nililikumbuka lile turubali. Lilikuwa zito, Bibi na magoti yake asingeweza kulivuta, na Mama hakuligusa. Na nikakumbuka kwamba wiki ile ile Bibi alipanda mpapai, na mpapai hapandi mtu anayengoja fundi wa sakafu. Baba alikuwa keshasema, na Bibi keshasikia. Aliyekuwa hajaelewa ni mjumbe wao.