Mapendo na Msuko wa Nusu Kichwa

Mtakaosema nilisinzia kazini, semeni tu. Nilikuwa macho, nimeshiba, na ilikuwa saa nane mchana. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kamembe, miaka ile ya vita vya Congo, kwenye saluni yangu ndogo nyuma ya soko.

Lakini lazima nianze na vitabu. Mimi nimelelewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Congo, nikaja huku Rwanda na wazazi wangu wakati Wanyarwanda wengi tulikuwa tunarudi kwetu. Rafiki yangu Nzigire, mwanamke mwenzangu, alibaki kule, akawa anavuka daraja la mpakani karibu kila siku kuja kuuza vitenge. Yeye ndiye aliyeniletea vile vitabu vya picha, tulivyoviita BD. Vilikuwa fotokopi tu, zimebanwa kwa pini, na aliyevichora hatukumjua. Jamani, mkono ule ulibarikiwa. Kulikuwa na chombo cha angani kilichopigwa viraka vya mabati, kinatoka nyota hii kwenda ile. Kapiteni wake ni Riziki, fundi wa mitambo ni Mapendo. Wanawake wawili, na wanapendana kama mke na mume, na mchoraji hakuficha wala hakuomba radhi. Wanagombania spana. Wanapika ugali mahali ambapo kila kitu kinaelea, tonge linawakimbia, Mapendo analifukuza kwa mdomo. Nilicheka mpaka nikalia. Sikuwahi kumwona mtu kama mimi kwenye karatasi, sembuse kumwona akirusha chombo.

Kitabu cha tano kilituumiza. Mapendo aliachwa kwenye nyota ya vumbi la kijivu, akitengeneza injini ya nje, mawe yakaanza kuanguka, na Riziki akalazimika kuruka ili awaokoe wengine. Kikaishia hapo.

"Riziki atarudi kumuchukua," Nzigire alisema.

"Harudi," nikamjibu.

Mnadhani tulikuwa tunaongelea kitabu? Wiki ile alikuwa ameniomba tukae nyumba moja, yeye na mimi. Nami nilimjibu nini? "Batu batasema nini?" Niliogopa maneno ya watu, basi. Akakunja vitenge vyake, akavuka. Siku mbili baadaye mapigano yakawaka upande ule, daraja likafungwa, na sikupata habari yake tena. Kila asubuhi nilisimama mahali panapoonekana Bukavu, nikiangalia moshi, nikijilaani.

Ndipo akaja yule mteja. Mvua ilikuwa inanyesha kwa fujo, ile ya huku kwetu isiyobisha hodi. Akaingia mkavu. Mkavu kabisa, niamini, ila viatu vyake vilikuwa na vumbi la kijivu. Akaketi, akasema, "Maman, unisuke, nina safari."

Nikaanza upande wa kushoto. Mimi nina alama yangu: kila msuko naufunga mwishoni kwa uzi mwekundu, mafundo matatu. Hakuna mwingine Kamembe anayefunga hivyo. Nilipofika katikati ya kichwa, akainua mkono kufuta jicho, nikaona kovu la moto kwenye kifundo cha mkono, lenye umbo la jembe. Kovu lile nilikuwa nimeliona mara mia. Mapendo alilipata kwenye kitabu cha pili, akizima injini.

Niliogopa? Niliogopa sana. Lakini vidole viliendelea kusuka, vimezoea. Hakuniangalia hata kwenye kioo. Akauliza tu, polepole:

"Kama ni wewe uko ndani ya chombo, Maman, ungerudi?"

Nikasema, "Ningerudi. Hata batu baseme."

Akasimama. "Basi wacha niende. Riziki iko anakuja."

"Ngoja, kichwa hakiyaisha."

Akanishika mkono, mkono wake wa baridi, akatabasamu, akatoka. Nilimfuata mbio. Njia nzima ilikuwa matope, na haikuwa na alama ya mguu hata mmoja. Kwenye kitana changu lilibaki vumbi la kijivu, ambalo halitoki mpaka leo, hata nisugue na sabuni.

Daraja lilifunguliwa baada ya wiki nyingi. Nzigire akaja amekonda, yuko hai, na chini ya vitenge kitabu cha sita. Alikuwa amekinunua siku ileile aliyoniacha kwa hasira, kabla mteja wangu hajaja. Alinifungulia ukurasa wa kwanza. Mapendo ameketi juu ya jiwe, peke yake, anatazama juu. Kushoto amesukwa, kulia nywele zimesimama. Na kila msuko una uzi mwishoni, mafundo matatu.

"Hii si kazi yako?" Nzigire akaniuliza.

Ukurasa wa mwisho Riziki amerudi, amempakata kichwa, anamalizia upande wa kulia. Nililia mbele ya wateja.

Nzigire nami tunakaa nyumba moja tangu siku hiyo. Batu wamesema, wamechoka. Lakini hadi leo najilaumu, kwa sababu mgeni nilimjibu vizuri, na Nzigire aliyeniuliza kwanza nilimwacha avuke kwenye risasi. Wewe unayenisikiliza, kama kuna anayekuuliza, mjibu leo, akiwa bado ameketi mbele yako.